Benchi la nyuma, Kibirizi: shajara ya kura za kubipu ndani ya kibanda umiza

19 Januari 2025: Kabla ya kununua chochote

Kibanda umiza hiki, yaani kibanda cha kulipia kutazama mpira kwenye runinga, kiko Kibirizi, Kigoma, hatua chache kutoka mwalo, ufuko wanakoshusha dagaa. Kina kuta za mabati, mabenchi kumi na mawili, runinga moja kubwa na king'amuzi kimoja. Kiingilio ni shilingi 500, na 1,000 kwa mechi za usiku za Ulaya. Ninachotaka kujua ni kama watu sitini wanaotazama runinga moja wanaweza kuijibu kwa kura, kila mmoja kwa nafsi yake, bila kifaa kuwatoa kwenye mechi wala kuwatenga wao kwa wao.

Nimekaa benchi la nyuma jioni nne na daftari, baada ya mwenye kibanda kuwatangazia watu ninachofanya. Kila dakika tano naandika nani anaongea na nani, nani ameshika simu, vichwa vimeelekea wapi. Njia hii ina wazee wake. James Lull wa Marekani alichapisha mwaka 1980 utafiti wa familia zilizotazamwa zikitazama runinga nyumbani kwao, akaonyesha kwamba watu huitumia runinga kuanzisha mazungumzo, kuyakwepa, hata kuonyesha nani mwenye kauli ndani ya nyumba. Huku kwetu nyumba ni kibanda, na mwenye kauli ni aliyeshika rimoti.

Nilichoona: mpira ukitembea, simu ziko mfukoni. Filimbi ya mapumziko ikilia, benchi la mbele linageuka mzima mzima na kukaa likitazama nyuma. Dakika kumi na tano zile watu wanabishana wakiwa wameipa runinga mgongo. Nilikiandika hicho ukurasa wa kwanza, halafu nikakipuuza kwa mwezi mzima. Gharama nyingi zilizoandikwa hapa chini zimetokana na kupuuza huko.

2 Februari: Vifaa vya awamu ya kwanza

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyotumika, 190,000. Kadi ya kumbukumbu ya GB 32, 18,000. Runinga ya pili ya inchi 24, mtumba, 110,000. Hii inawekwa pembeni ya ile kubwa na ndiyo inayoonyesha kura. Ruta mtumba, 40,000. Usafirishaji kutoka Dar es Salaam kwa awamu zote umefika 22,000.

Uamuzi mmoja wa mwanzo umebaki hadi leo: hatugusi picha ya mechi. Hakuna maandishi juu yake, hakuna kuipitisha kwenye kompyuta yetu. Picha ina wenyewe waliolipia haki zake, na watazamaji wamelipa kuiona nzima.

9 Februari: Wi-Fi imeshindwa

Mpango ulikuwa mwepesi. Mtu anaunganisha simu kwenye ruta yetu, ukurasa unafunguka, swali linatokea, anagusa ndiyo au hapana. Hakuna intaneti wala bando. Kila kitu kiko ndani ya kibanda. Nyumbani kwangu Mwanga kilifanya kazi vizuri kwa simu tatu.

Kibandani zilipata ukurasa simu sita tu. Shida zilikuwa tatu kwa mpigo. Ya kwanza, ruta ilikuwa chini ya meza, na mawimbi ya GHz 2.4 hunywewa na maji, nasi binadamu ni maji matupu. Watu sitini waliobanana ni ukuta. Niliipandisha juu ya vichwa kwa ubao na misumari (6,000) na mawimbi yakafika benchi la mwisho.

Ya pili ilinichosha zaidi. Simu janja ikiunganishwa na Wi-Fi, kwanza hupima kama upande wa pili kuna intaneti. Ikikosa, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini, na ukurasa wetu unapotea. Dawa ni mtu azime data. Niliwaomba. Kijana mmoja aliniambia, "Kaka, nikizima data na mteja wangu wa dagaa akanitafuta WhatsApp, utanilipa wewe?" Sikuwa na jibu, na sikumwomba tena mtu yeyote.

Ya tatu nilikuwa nimeiona toka Januari bila kuihesabu. Karibu nusu ya watu wameshika vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Kitochi hakifungui ukurasa wowote. Nilikuwa nimebuni kitu kinachowaacha nje wavuvi, ambao ndio wengi na ndio wabishi kuliko wote.

16 Februari: Siku niliyoiba goli

Naliandika hili kwa urefu ili asilirudie mwingine.

Nilidhani kibanda kitachangamka iwapo runinga ndogo itajua kinachoendelea uwanjani yenyewe. Nikanunua bando (20,000), nikaandika programu inayosoma matokeo ya moja kwa moja kutoka intaneti. Goli likiingia, runinga ndogo iwake, iandike GOLI, kisha iulize: goli halali?

Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza, mshambuliaji alikuwa bado anakokota mpira nje ya boksi. Runinga ndogo ikawaka: GOLI. Watu wakaitazama, wakarudi kwenye runinga kubwa, wakamwona jamaa anapiga. Mpira ukaingia. Kibanda kilikuwa kimya. Sijawahi kusikia goli likiingia kimya mahali pale.

Mzee anayekaa benchi la pili hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, umetuibia goli letu." Mwenye kibanda akachomoa waya wa runinga ndogo kwa mkono wake, na alikuwa na haki.

Sababu ni hii. Aliyeko uwanjani anayeingiza matokeo anabonyeza sekunde chache baada ya tukio, na maandishi ni mepesi, yanafika papo hapo. Picha ina safari ndefu. Inasindikwa na kubanwa, inatumwa angani, inapokewa na kufumuliwa na king'amuzi. Wengi hulaumu setilaiti, lakini setilaiti ya aina hii iko kama kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka kwa mawimbi ni takriban robo sekunde. Ucheleweshaji mkubwa uko kwenye kubana na kufumua. Anayetazama kwa intaneti yuko nyuma zaidi, kwa sababu picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa na simu huhifadhi vipande vichache kabla ya kuanza kuonyesha. Nusu dakika si ajabu. Ndiyo maana mtaani unasikia nyumba ya jirani inapiga kelele na wewe bado unaangalia mpira wa kurusha.

Ningeweza kuchelewesha maandishi kwa makusudi. Nilijaribu mezani, lakini kila chaneli ina ucheleweshaji wake, na ukikosea kwa sekunde mbili umeiba tena. Nikaitupa programu nzima. Mahali pake nimeweka swichi ya kengele ya mlango, 3,000, iliyofungwa kwenye pini za kompyuta. Anaibonyeza mtu aliye ndani ya kibanda, anayetazama picha ileile. Kifaa hakijui chochote kabla ya watazamaji. Kijana anayekusanya viingilio amekubali kuishika.

Mwenye kibanda alinipa ruhusa ya kurudi baada ya siku tano na mazungumzo marefu.

2 Machi: Kubipu

Wazo limetoka kwa kijana wa viingilio mwenyewe. Kila mtu Kigoma anajua kubipu, mwenye simu janja na mwenye kitochi, na aliyebipu hakatwi salio. Basi laini mbili: bipu hii kama unakubali, bipu ile kama unakataa. Mashine inasoma namba inayoita, inakata, inahesabu.

Kosa langu la kwanza: nilinunua modemu ya USB, 30,000, ambayo ni ya data peke yake. Haiiti. Ukiipigia, hakuna kinachotokea. Kabla ya kununua, hakikisha inapokea simu za sauti.

Nikaagiza moduli mbili za SIM800L, vipande vinavyotiwa laini na kupokea simu kama simu ya kawaida, 36,000. Laini mbili zilizosajiliwa kwa alama za vidole kwa jina langu, 2,000. Moduli hizi ni ndogo kama kidole gumba na zinatosha kabisa, ila zina tabia moja: ziliita mara mbili zikazima, zikawaka, zikazima. Nilipoteza siku tatu nikirekebisha programu ambayo haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa umeme. Moduli inapowasiliana na mnara huvuta ghafla hadi ampea 2, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, wakati mimi niliilisha kutoka kwenye kompyuta. Dawa: kila moduli na kishusha umeme chake kilichowekwa volti 4.0, na kapasita (kihifadhi umeme cha muda mfupi) ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu yake. Jumla 14,000. Hazijazima tena.

Halafu mtu mmoja akakatwa salio. Laini ya kwanza ilipokuwa na mpigaji mwingine, simu yake ilihamishwa kwenye ujumbe wa sauti, ikahesabika imepokewa. Nilimrudishia pesa yake mbele za watu. Kabla ya kuiweka laini kwenye moduli, itie kwenye simu ya kawaida, piga ##002#, na uhamishaji wote unafutika.

9 Machi: Soda iliyogeuka kubeti

Kasi sasa inajulikana: mashine huchukua kama sekunde tatu kusoma namba na kukata. Laini moja kwa hiyo hupokea watu ishirini kwa dakika wakipishana vizuri, na hawapishani vizuri. Wakati mpira unatembea hilo ni kidogo mno. Mapumziko ya robo saa yanatosha na kubaki. Teknolojia duni imenirudisha penye ukurasa wa kwanza wa daftari: swali liulizwe wakati benchi la mbele limegeuka.

Swali la wiki hii lilikuwa baya. Niliuliza nani atashinda, nikaahidi soda kwa mmoja wa watakaopatia. Kufikia dakika ya sitini, pembeni mwa mlango, kijana mmoja alikuwa ameshakusanya shilingi elfu moja moja kwa watu tisa, akitumia kura zetu kama daftari lake. Huo ni mchezo wa kubahatisha, unaohitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na mbali na sheria, nimeona vijana wa mwalo wakiacha posho ya usiku mzima kwenye mikeka ya kubeti. Sitawaongezea mlango mwingine.

Zawadi nimezifuta. Maswali ya kutabiri nimeyafuta. Yaliyobaki ni ya hukumu: ile ilikuwa penalti? Alistahili kadi nyekundu? Kocha amtoe nani? Swali lisilo na jibu la kuhakiki haliwezi kubetiwa, na ndilo watu wanalobishania mwezi mzima.

15 Machi: Kura zimeongezeka, nafurahi mapema

Usiku wa jana na leo kura zimekuwa 38 na 41, kutoka 17 wiki iliyopita. Nimeandika kwenye daftari: maswali ya hukumu yameongeza ushiriki zaidi ya mara mbili.

Jambo jingine jipya ni sauti. Mwanzoni matokeo yalitokea kwenye runinga ndogo na hakuna aliyeyatazama, kwa sababu watu wamegeukiana. Nimenunua maikrofoni mtumba, 25,000, tukaiunga kwenye spika ya kibanda. Kijana wa viingilio anasoma swali, anasoma kura zinavyopanda, anamchokoza mtu wa benchi la tano. Hakufundishwa na mtu. Amekua akisikiliza kanda za filamu zilizotafsiriwa, za kina Lufufu, ambapo mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliweza kuifanya filamu ya Hong Kong ionekane imetokea Manzese. Kwa miezi miwili nimekuwa nikibuni skrini, wakati kilichokosekana ni mtu wa kusema.

29 Machi: Mwezi

Kura 16. Maswali yaleyale, kijana yuleyule, maikrofoni ileile.

Nilianza kukagua moduli. Mama muuza kahawa, anayekaa mlangoni na birika lake, aliniacha nihangaike kidogo kisha akasema, "Mwanangu, hujaangalia juu? Leo giza. Watu wako ziwani."

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki vizuri, na wavuvi wanakaa nchi kavu. Tarehe 14 Machi mwezi ulikuwa mpevu. Leo ni mwezi mwandamo. Nilikuwa nimepima mwezi nikadhani nimepima maswali yangu.

Nimefuta ile sentensi ya tarehe 15 kwa mstari mmoja, bado inasomeka. Kuanzia sasa kila ukurasa wa daftari unaanza na umbo la mwezi na idadi ya viingilio vilivyouzwa, na ninalinganisha kura kwa kila watu kumi waliolipa. Nikirudi nyuma kwa hesabu hiyo, ushiriki umepanda kutoka watu wanne katika kila kumi hadi sita. Si maradufu, na sijui ni kiasi gani kati ya hicho ni maswali na kiasi gani ni kipaza sauti, kwa kuwa nilivibadilisha karibu pamoja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilikuwa nalijua hilo na sikulifuata.

6 Aprili: Saa, umeme, kadi

Kwa kifupi. Uingereza imesogeza saa zake mbele tarehe 30 Machi, kwa hiyo mechi ya saa kumi na mbili jioni kwetu imekuwa saa kumi na moja. Ratiba iliyobaki ndani ya programu ilifungua swali la mapumziko mechi ikiwa inakaribia kwisha. Ratiba imeondolewa, swichi ndiyo inayofungua kila kitu. Kompyuta hii pia haina saa ya ndani inayoishi umeme ukikatika, hivyo kumbukumbu zangu za siku mbili zina tarehe za uongo. Nimeweka moduli ya saa ya DS3231 na betri yake ya kidonge, 9,000.

Umeme ulipokatika katikati ya kuandika kura, kadi ya kumbukumbu iliharibika na mfumo haukuwaka. Niliusimika upya juu ya kadi ileile, na sasa kura zinaandikwa mara moja tu, swali likifungwa. Betri ya pikipiki ya volti 12 na chaja, 65,000, inashikilia kompyuta na moduli hadi jenereta iwake.

13 Aprili: Namba za watu

Mbalamwezi tena, kibanda kimejaa. Mvuvi mmoja kijana alikuja pembeni: "Namba yangu iko kwenye hicho kidude? Nani anaiona?"

Swali zuri kuliko maswali yangu yote. Jibu la kweli usiku ule lilikuwa kwamba ninaiona mimi, pamoja na kila kura aliyowahi kupiga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo, mtu aliyekuja kutazama mpira hajaja kuniachia namba yake. Nimebadilisha programu: namba inakaa kwenye kumbukumbu ya muda ili mtu asihesabiwe mara mbili, na anayebipu tena kura yake ya mwisho ndiyo inayobaki. Swali likifungwa, namba zote zinafutika na jumla peke yake inaandikwa. Kumbukumbu za ndani ya moduli zenyewe nazo zisafishwe; nilizisahau kwa siku mbili. Mwenye laini mbili bado anaweza kupiga kura mbili, na nimeamua kumwacha kuliko kuanza kuwatambua watu.

Nilimwonyesha yule kijana orodha tupu baada ya swali. Akabipu swali lililofuata.

Kuna mfano wa zamani ninaoufikiria sana. Mwaka 1977, mjini Columbus, Ohio, mfumo wa QUBE uliwapa watazamaji kisanduku chenye vitufe vya kujibu runinga, na jumla ikaonekana kwenye skrini. Kila mtu alibonyeza sebuleni kwake, na kompyuta ya kampuni ilijua nani amebonyeza nini. Watu walianza kuulizia faragha zao tangu siku zile. Kwetu aliyekupinga kwa kura anakaa benchi la mbele yako na unamwona uso. Nataka ajulikane kwa mdomo wake mwenyewe akiamua kusema, siyo kwa mashine.

11 Mei: Hesabu, na kilichobaki

Jumla iliyotumika ni shilingi 590,000. Ndani yake 96,000 ni za vitu visivyotumika tena: ruta, ubao wake, modemu ya data na bando. Anayeiga kuanzia mwanzo anahitaji 494,000, na akiwa na runinga mtumba yake mwenyewe, 384,000. Kazi yangu sijaihesabu. Mwenye kibanda hajalipa kitu, ila tangu Aprili anatoa umeme na mahali pa kufungia vifaa, na yule kijana anaongezewa 2,000 kwa usiku wa kipaza sauti.

Swali la wakati refa anakagua video ya marudio (VAR) tumelijaribu mara tatu. Kura saba, tano, saba. Watu hawataki kushika simu macho yakiwa kwa refa. Tumeliacha.

Kasoro kubwa iliyobaki haiko kwenye kifaa. Wanawake ndani ya kibanda ni wawili au watatu, na mama wa kahawa, aliyenisaidia kuliko yeyote, anasikiliza mechi kutoka nje. Nilimuuliza angependa kupiga kura gani. Akasema mpira hapana. Yeye na wenzake hukusanyika alasiri kwa jirani kutazama tamthilia, na wanabishana pale kuliko wanaume hawa. Ameniruhusu nikakae nao siku nne kwa sharti kwamba nije na daftari tu, bila waya wala kidude. Naanza Jumatano, saa kumi alasiri.